Kool & the Gang: tunayoyasema sivyo, na ukweli wenyewe

Dhana ya kwanza kuhusu bendi hii ya Kimarekani ndo imeenea kuliko zote, kwamba Kool ni yule muimbaji. Zikipigwa nyimbo zao kama Cherish au Joanna utasikia mtu anasema "Kool alikuwa na sauti bwana". Hapana jamani. Ile sauti laini ni ya James "J.T." Taylor. Kool ni Robert Bell, mpiga besi, yeye na mdogo wake Ronald pamoja na vijana wenzao ndo walianzisha kundi mwaka 1964 pale Jersey City, New Jersey, na Taylor kaja kuingia 1979, yaani miaka 15 bendi ishakuwepo na ina vibao vyake. Kabla yake hawakuwa na muimbaji maalum, walikuwa wanaitikia wote kwa pamoja au wanapiga vyombo tu basi. Hata ile sauti nzito inayounguruma kwenye Jungle Boogie ya 1973 siyo ya mwanabendi, ni ya Don Boyce, jamaa aliyekuwa anawabebea na kuwafungia vyombo!

Halafu kuna hii ya kusema ni bendi ya disko, imezaliwa na disko. Hapa ndo huwa naumia kidogo maana hawa walikuwa wapigaji wa jazz. Jina lao la mwanzo ni Jazziacs, baadae wakajiita Kool & the Flames, wakaliacha wasije wakachanganywa na Famous Flames, kundi la James Brown. Albamu ya kwanza imetoka 1969, disko hata haijaanza kuvuma. Kama huamini kaa usikilize Summer Madness ya 1974, hakuna maneno ya kuimba, kinanda kinatembea taratibu, gitaa linadondosha noti moja moja, halafu sinthesaiza inaanza kupanda, inapanda, inapanda mpaka unashindwa kuelewa itaishia wapi. Vijana wengi wanadhani hiyo ni biti ya Will Smith sababu ya Summertime ya 1991, kumbe yeye na DJ Jazzy Jeff walichukua kutoka kwa hawa wazee.

Na ukweli ni kwamba disko ilipopamba moto katikati ya miaka ya 70 iliwayumbisha, muziki wao wa funk, ule wa mdundo mzito wa besi na tarumbeta na saksafoni, ukawa hauuziki tena vile. Walikuwemo kwenye santuri ya sinema ya Saturday Night Fever mwaka 1977 na wimbo wa Open Sesame lakini bado haikuwainua. Kilichowainua ni kumchukua Taylor, na kumpata prodyuza kutoka Brazil, Eumir Deodato, aliyewarahisishia mapigo na kuyapunguza madoido, sauti ya muimbaji ikakaa mbele. Ndo ukatoka wimbo wa Ladies' Night.

Sasa angalia tarehe. Julai 1979 kule Chicago watu walilipua rundo la santuri za disko uwanjani na mpaka leo inasemwa siku ile disko ikafa na bendi zake zote. Ladies' Night imetoka Septemba mwaka huohuo! Celebration ikashika namba 1 Marekani Februari 1981, ikafuata Get Down on It, Joanna ikafika namba 2, Cherish namba 2 pia mwaka 1985, na albamu ya Emergency ikauza zaidi ya nakala milioni 2 Marekani peke yake. Kwa hiyo bendi hii imevuna zaidi baada ya hayo "mazishi" kuliko kabla.

Celebration yenyewe huku kwetu tunaijua ya ukumbini, maharusi wanaingia, MC anapaza sauti, watu wanasimama na leso juu. Wengi hawajui wazo limetoka wapi. Ronald Bell alikuwa Muislamu, jina lake la Kiislamu Khalis Bayyan, na mwenyewe alieleza kwamba lilimjia akisoma Qur'ani, pale Mungu anapomuumba Adam na malaika wanamsifu Mola wao. Mi kila nikiusikia ukumbini nalikumbuka hilo. Na Januari 1981 mateka wa Kimarekani waliokaa Iran siku 444 waliporudi kwao, huo ndo ulipigwa kuwapokea.

La mwisho, watu wanadhani wakubwa hawa walishatuzwa zamani. Wameingia Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki kule Marekani, mwaka 2024! Sheria inataka ipite miaka 25 tangu rekodi ya kwanza, kwa hiyo wangeweza kuingia tangu miaka ya 90. Ronald keshafariki 2020, Dennis Thomas wa saksafoni 2021, George Brown wa dramu Novemba 2023, miezi michache tu kabla majina hayajatangazwa. Kati ya wanane walioingizwa, waliokuwa hai ni Robert na J.T. tu. Wamecheleweshwa mno, na sioni sababu yoyote ya maana.