Usingizi mbovu na mafigo: maswali tunayoulizwa Lubumbashi

Mimi ni sentineli, nakesha getini usiku 6 kwa wiki. Daktari anasema mafigo yangu yamechoka. Usingizi unaingiaje hapo?

Unaingia sana, papa, na inaniuma kwamba wagonjwa wengi hawaulizwi habari zake. Mtu akilala vizuri, tansiyo yake, yaani shinikizo la damu, hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Ndipo vile vichujio vidogo vya mafigo vinapopata nafuu. Ukikesha, au usingizi ukikatika-katika, tansiyo inaweza kubaki juu, damu ikavisukuma kwa nguvu usiku na mchana, hadi protini ivujie kwenye mkojo. Mafigo yakiharibika, nayo yanapandisha tansiyo zaidi.

Huko Marekani, wagonjwa 431 wa mafigo walipimwa usingizi kwa kifaa cha kuvaa mkononi, kisha wakafuatiliwa miaka kama 5. Kwa wastani walilala masaa 6 na nusu. Wale ambao usingizi wao ulikatika-katika zaidi ndio waliofikiwa zaidi na hatari ya mafigo kufa kabisa. Hiyo haimaanishi usingizi pekee ndio ulioyaua mafigo, lakini si jambo la kupuuza.

Siwezi kukuambia uache kazi inayolisha watoto. Ila ukifika nyumbani asubuhi, tundika kitenge kizito dirishani, zima simu, utafute masaa 7 ya kweli. Na umwambie daktari kwamba unalala mchana, akupangie saa za dawa.

Naamka kukojoa mara 4. Nipunguze maji?

Usijikatie maji mwenyewe. Mafigo yaliyochoka hushindwa kukoleza mkojo, ndiyo maana unajaa hata usiku. Kiasi ulichoruhusiwa, kinywe zaidi mchana. Kama unatumia furosemidi, ile dawa ya kukojoza, uliza kama unaweza kuimeza asubuhi. Makayabu ya jioni, wale samaki wa chumvi, yaache, chumvi yake inakuamsha na kiu. Omba pia upimwe sukari.

Mume wangu anakoroma, ananyamaza ghafla, halafu anashtuka kama mtu anayezama.

Mama, hapo pumzi inakatika. Oksijeni inashuka, mwili unashtuka, tansiyo inaruka, pengine mara nyingi kwa saa moja tu. Yeye hajui, kwa sababu amelala. Shahidi ni wewe. Mrekodi kwa simu, mwende wote wawili kwa daktari, asikie kile kimya kwa masikio yake. Kwa sasa alale ubavu, na lutuku, ile pombe kali ya usiku, aiache: inalegeza koo.

Miguu inanisumbua kitandani, lazima niichezeshe. Ninunue kidonge cha usingizi?

Hapana. Miguu isiyotulia hutokea sana kwa wenye ugonjwa wa mafigo, na mara nyingine ni upungufu wa madini ya chuma, unaoonekana kwa kupima damu. Ukiingia farmasi kwa dawa yoyote, tangulia kusema: «Nina ugonjwa wa mafigo.» Wakikupa dikilofenaki au ibuprofeni, dawa za maumivu zinazoumiza mafigo, zirudishe hapo hapo.