Shule za Kijapani ng'ambo hazikuzaa wasaliti

Wapo wanaoamini kwamba wahamiaji wa Kijapani walianzisha shule za lugha ng'ambo ili watoto wao waitii Japani badala ya nchi walikozaliwa. Historia ya Hawaii, visiwa vya Pasifiki ambavyo leo ni jimbo la Marekani, inakanusha hilo.

Wazazi wengi, vibarua wa mashamba ya miwa, walitaka kuelewana na watoto wao, basi. Watoto walisoma shule za serikali kama wenzao, kisha alasiri wakajifunza Kijapani kwa muda mfupi. Shule ya Honolulu ya mwaka 1896 ilianzishwa na mchungaji Mkristo, Takie Okumura. Serikali ilipozibana kwa sheria kali, shule zilikwenda mahakamani, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikazipa haki.

Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, mwaka 1941, shule hizo zilifungwa. Lakini jeshi la Marekani likawahitaji vijana wale wale waliojua Kijapani! Walitafsiri nyaraka zilizotekwa na kuwahoji mateka katika vita vya Pasifiki, huku familia za baadhi yao zikishikiliwa makambini Marekani kwa sababu tu ya asili yao. Ulikuwa uonevu mkubwa.