Chati za Excel na renji zenye jina: watu wanavyoamini na ilivyo kweli

Kila mwanzo wa wiki kuna mtu ofisini anafungua faili la mauzo, anabofya chati, anavuta ile mipaka mpaka mstari mpya uingie, afu anarudia hivyo hivyo kwenye chati zingine 10. Inaniuma kuona hivyo maana hiyo kazi Excel inaifanya yenyewe, kwa renji zenye jina, yaani kundi la seli ulilolipa jina, tatizo ni vitu tulivyoaminishwa.

"Chagua tu mpaka mstari wa 1000, utajaa taratibu." Hapana jamani. Tuseme shiti yako inaitwa Saruji, safu A ni wiki, safu B ni mifuko iliyouzwa, una wiki 18. Ukichagua mpaka B1000 laini inabanwa kushoto kabisa na upande wote wa kulia unabaki mtupu. Na kama huko chini ulishavuta fomula inayorudisha "" ndo mbaya zaidi, chati inaisoma kama sifuri na laini inadondoka mpaka chini. Badala yake tengeneza jina linalorefuka lenyewe data ikiongezeka. Fungua Formulas, ingia Name Manager, tengeneza jina Mifuko:

=OFFSET(Saruji!$B$2,0,0,COUNTA(Saruji!$B:$B)-1,1)

OFFSET inaanzia B2 na kushuka chini kwa idadi ya seli zenye kitu ambazo COUNTA imezihesabu. Hiyo -1 inatoa kichwa cha safu kilichopo B1. Jina la pili, Wiki, ni =OFFSET(Mifuko,0,-1) tu, yaani renji ile ile ikisogezwa safu moja kushoto, hivyo yote mawili yanakuwa na urefu mmoja siku zote.

"Ukishapata jina unaliandika kwenye Chart data range, basi." Hapa ndo wengi wanapotelea. Excel inalipokea bila kulalamika, kumbe imeligeuza kuwa $B$2:$B$19 ya kawaida, na wiki ya 19 ikiingia inabaki nje, unasema hizi renji hazifanyi kazi. Jina linawekwa kwenye kila series (kila mstari wa data kwenye chati) peke yake: Select Data, Edit, kwenye Series values andika =Saruji!Mifuko, afu upande wa lebo =Saruji!Wiki. Jina la shiti na ile alama ya mshangao lazima viwepo, jina tupu linakataliwa. Baadaye ukikuta neno Saruji limegeuka jina la faili usishtuke, ni sawa.

"Jina halipo kwenye orodha ya kile kiboksi cha juu kushoto, basi limeharibika." Majina ya fomula kama hizi hayatokei pale. Liandike kwa mkono humo humo, piga Enter, utaona seli zinachaguliwa. Mimi nafanya hivi kabla sijaigusa chati.

"COUNTA inajua data inapoishia." Haijui, inahesabu tu seli zenye kitu. Wiki ya 7 na ya 11 zikiwa wazi, renji inapungua seli mbili, na zinazokatwa ni zile wiki mbili za mwisho ambazo ndo unazihitaji! Ukiandika "Jumla" chini ya safu, nayo inahesabiwa. Kwa hiyo hesabu safu A ambayo haiachwi wazi, na jumla ipeleke pembeni.

"Tumia Ctrl+T (inayogeuza data kuwa table), majina hayana kazi tena." Nusu kweli. Kama unataka chati irefuke tu, table inatosha na ningeanza nayo. Ila bosi akitaka wiki 12 za mwisho tu, table peke yake haikusaidii. Weka 12 kwenye E1, afu badilisha Mifuko:

=OFFSET(Saruji!$B$1,COUNTA(Saruji!$A:$A)-Saruji!$E$1,0,Saruji!$E$1,1)

Ukiandika 4 chati inaonyesha wiki 4, ukiandika 8 zinakuwa 8. Usizidishe idadi ya wiki ulizonazo, renji itapanda mpaka kwenye kichwa au nje kabisa ya shiti.

"Jina lolote linafaa." MEI24 linakataliwa, maana safu za Excel zinafika XFD (safu ya mwisho) kwa hiyo MEI24 ni anwani ya seli. Andika Mei_24.

Na hii ya kwamba OFFSET inafanya faili liwe zito: ni kweli inakokotoa upya kila ukibadilisha kitu, ila kwa mistari mia mbili hutaona tofauti. Faili likiwa kubwa, na unataka renji inayorefuka tu, tumia =Saruji!$B$2:INDEX(Saruji!$B:$B,COUNTA(Saruji!$A:$A)).