Nukta iliyonuna, kiulizi kilichopotea

Mimi ni mhariri, na watu wakishajua hivyo huanza kuniomba radhi kwa namna wanavyochati. Hakuna haja. Aliyeandika "nipo njiani,,,nakuja" bila herufi kubwa wala nukta hajasahau alichofundishwa shuleni. Anafuata kanuni nyingine, na kanuni hiyo naweza kuieleza kwa sentensi moja: alama ikikosa kazi ya sarufi, watu huipa kazi ya hisia.

Tuanze na nukta. Kwenye karatasi inatuonyesha sentensi imeishia wapi. Kwenye WhatsApp sentensi inaishia pale unapobonyeza kutuma. Kila wazo lina kiputo chake, na mpaka kati ya wazo na wazo unaonekana kwa macho. Nukta imebaki haina la kufanya. Kwa hiyo ukimwandikia mtu "Nitachelewa kidogo" naye akajibu "Sawa", mambo ni shwari. Akijibu "Sawa." unaanza kujiuliza umemkosea nini. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, wakiongozwa na Celia Klin, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi yenye majibu ya neno moja. Jibu la ujumbe wa simu lenye nukta lilionekana halijatoka moyoni kwa kiasi cha lile lisilo na nukta. Majibu hayohayo yalipoonyeshwa kama yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikujitokeza. Nukta yenyewe, basi, haina ubaya. Inanuna pale tu ambapo mwandishi angeweza kuiacha na hakuiacha.

Hapa wazazi wetu wanaonewa. Mama akiandika "Nimepokea hela.... Mungu akubariki...." anapumua tu kati ya maneno, lakini mwanawe aliyeko mbali anasoma huzuni. Wengi wa umri huo walijifunza kuandika ujumbe kwenye simu za vitufe, ambako alama zilikaa kwenye kitufe cha 1 na ili kuipata unayoitaka ulibonyeza tena na tena. Nukta ilikuwa karibu, kwa hiyo ilitumika kwa kila kituo. Wanaoandika koma tatu mfululizo (na ni wengi, pande zote za mpaka wa Namanga) wanafanya kitu kilekile: wanapima pumzi. Wala si jambo geni. Karne nyingi zilizopita Aristofane wa Bizanti, mkutubi wa Aleksandria, aliweka nukta katika maandishi ya Kigiriki kwa vimo vitatu kumwonyesha msomaji atulie kwa muda gani. Alama hizi zilianza kama huduma kwa sauti, sarufi ikazichukua baadaye.

Sasa kiulizi, na hapa ndipo Kiswahili kina shida yake mahususi.

Maswali yetu ni ya aina mbili. Yapo yenye neno la kuuliza ndani yake: nani, wapi, lini, kwa nini, ngapi. "Uko wapi" ni swali hata ukiliandika bila alama yoyote. Kiulizi hapo hakina kazi, na kwa kanuni ileile kimegeuzwa kuwa cha hisia: "Uko wapi" ni kutaka kujua, "Uko wapi?" ni kutaka kujua kwa adabu, "Uko wapi???" chakula kimeshapoa.

Aina ya pili ni maswali ya ndiyo au hapana. Mwingereza hupindua mpangilio wa maneno yake, na swali linajulikana mapema. Sisi hatupindui kitu. "Amefika" na "Amefika?" ni neno lilelile, herufi kwa herufi, na kinachotofautisha ni kiimbo. Ukizungumza, sauti inafanya kazi hiyo. Ukiandika, kiimbo chote kimekaa ndani ya alama moja. Ukiitupa, umetupa swali.

Mara nyingi muktadha unatuokoa. "Umekula" huwa ni swali, kwa sababu mwenyewe anajua kama amekula au la. Nafsi ya tatu haina huruma kiasi hicho. "Mgonjwa ameruhusiwa" ikiingia kwenye kundi la familia saa tatu usiku, nusu ya ukoo itashukuru Mungu na nusu itajibu "hatujui bado". Wakati ujao ndio mbaya zaidi, maana kwetu hutumika hata kuamrisha. "Utakuja na hela ya kodi" inaweza kuwa swali, matumaini au amri ya mwenye nyumba. Nimeona watu wakizozana kwa ajili ya sentensi za namna hii, kila mmoja akiwa amesoma sawasawa kwa kiimbo alichokiweka mwenyewe.

Dawa ya vitabuni ni "je", lakini kwenye chati "Je, amefika?" inasikika kama karani anajaza fomu. Wachati wamejitafutia dawa zao. Wanatanguliza "kwani" au "eti": "kwani amefika". Wanafunga kwa "au", "eeh" au "si ndio": "tunaenda au". Wengine huvuta irabu ya mwisho, "amefikaaa", ingawa hiyo naiona dhaifu kwa sababu furaha nayo huandikwa hivyohivyo. Hizo nyingine ni nzuri, na sioni aibu kuzitumia.

Ipo alama moja nyingine ambayo kuiacha kuna gharama: ritifaa ('). Katika ng'ombe si mapambo, ni sehemu ya sauti yenyewe. Kung'oa ni kazi ya jembe, ngoa ni wivu. Hata hivyo mtandao hauipendi. Andika Chang'ombe baada ya alama ya reli (#) na kiungo kinakatikia "Chang", kwa hiyo watu wa mtaa huo huandika Changombe wakaendelea na maisha yao. Kwenye SMS kuna mtego zaidi. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe badala ya iliyonyooka, haimo katika orodha ya herufi za msingi za SMS. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Tangazo la herufi 150 lililopaswa kwenda kama SMS moja hukatwa vipande vitatu, na mtumaji hulipia vyote. Ukiwa mweka hazina wa kikundi na unatumia huduma ya kutuma SMS kwa wingi, kagua hilo kabla ya kumlaumu mtu.

Siku hizi miswada ya hadithi hunijia ikiwa na mazungumzo ya WhatsApp ndani yake. Humo sigusi koma tatu wala herufi ndogo mwanzoni mwa sentensi, na nukta ya mhusika aliyekasirika naiacha palepale. Nikikuta "Baba amejua" peke yake, naweka alama pembeni na kumuuliza mwandishi: huyu anauliza, au anatoa habari?