VA wakikukataa, usianze upya: namna ya kuishikilia klemu yako mpaka ieleweke

Hii naiandikia ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani, na ni wengi kuliko watu wanavyodhani, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wengine waliingia kwa ule mpango wa MAVNI, wa kuwachukua jeshini wageni wenye lugha au ujuzi unaohitajika, wakati Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zinazotafutwa, wengine kwa grinkadi tu. Mtu anatoka jeshini goti bovu, masikio yanavuma usiku kucha, usingizi hakuna, anajaza fomu ya fidia ya ulemavu, ndiyo klemu yenyewe, kule VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, yaani waliowahi kutumikia jeshi, anasubiri miezi na miezi, halafu inakuja barua: wamekataa. Basi wengi wetu tunanyamaza hapohapo, serikali imeshasema, nani abishane na serikali. Sasa mimi kazi yangu kwenye ofisi ya kuhudumia maveterani ndio hiyo, kubishana na serikali kwa fomu, na nawaambia barua ya kwanza mara nyingi sio neno la mwisho.

Cha kwanza kabisa ni tarehe. Angalia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, sio siku uliyoifungua bahasha, kuanzia hapo una mwaka mmoja. Ukijibu ndani ya huo mwaka klemu inahesabiwa bado iko hai, wakikukataa tena ukajibu tena ndani ya mwaka bado iko hai, na siku ukishinda, kama ugonjwa ulikuwepo muda wote huo, wanakulipa kuanzia ile siku ya mwanzo ulipofaili. Tuseme ulifaili Machi 2020, wakakataa, ukarudi, wakakataa, ukaenda mpaka bodi ya rufaa, ukashinda 2025: malimbikizo yanarudi mpaka 2020. Mwenzako aliyekasirika akaitupia barua kwenye droo, akaja kufaili upya 2024, analipwa kuanzia 2024. Ugonjwa uleule, ushahidi uleule, na hela ya miaka minne ndio imeshapotea hivyo.

Halafu isome hiyo barua. Najua ni ndefu na Kiingereza chake kinachosha hata waliozaliwa nacho, lakini usiishie pale wanaposema hapana. Ndani kuna sehemu wanaorodhesha yale waliyokwisha kukubali upande wako, kwamba kweli uliumia ukiwa kazini, kweli leo goti ni bovu. Tangu mfumo mpya wa rufaa uanze tarehe 19 Februari 2019 wanalazimika kuyaandika hayo, na afisa anayefuata hawezi kuyafuta kirahisi. Kwa kawaida unatakiwa kuonyesha vitu vitatu: ugonjwa ulionao leo, tukio lililotokea jeshini, na maelezo ya kitaalamu yanayounganisha hivyo viwili. Wakishakubali viwili ujue unapigania kimoja tu, hicho kimoja ndio ukipeleke. Hapa ndipo naona watu wanapotea, yaani mtu kakataliwa kwa sababu hakuna daktari aliyeunganisha goti na jeshi, yeye anatuma tena furushi la makaratasi ya hospitali kuthibitisha kwamba goti linauma. Hakuna aliyebisha kwamba linauma! Kinachotakiwa ni daktari aandike kuwa uwezekano wa jeshi kuwa chanzo ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini anasema hivyo, manake barua ya mistari miwili isiyo na sababu wanaiweka pembeni. Na sheria iko upande wako, ushahidi ukilingana pande zote mbili anayepewa ushindi ni veterani.

Njia za kujibu ziko tatu. Ukiwa na ushahidi mpya unatumia fomu 20-0995. Ukiona ushahidi ulikuwepo ila wameusoma vibaya, fomu 20-0996, afisa wa ngazi ya juu anaangalia upya, hapo huruhusiwi kuongeza karatasi lakini unaweza kuomba akupigie simu umwonyeshe kosa liko wapi. Ya tatu ni 10182, unaenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa, na huko ndiko kwenye foleni hasa, ukitaka kusikilizwa ana kwa ana au kwa video ndio unasubiri zaidi. Mwenye miaka 75 na zaidi, mgonjwa sana, au mtu aliyebanwa kabisa kifedha anaweza kuomba asogezwe mbele, na wengi hawaombi kwa sababu hawajui. Bodi nayo ikikukataa kuna mahakama ya rufaa za maveterani, ila kule hupewi mwaka, ni siku 120.

Kuna jambo moja linatuangusha sisi hasa, nalo ni adabu. VA wanakupeleka kwa daktari wao akupime, daktari anauliza unaendeleaje leo, na wewe kwa malezi yako unajibu salama tu, Mungu ni mwema. Anaandika mgonjwa anasema yuko salama. Anakwambia kunja goti, unakunja mpaka mwisho huku umeuma meno, kwa sababu mwanaume halii, naye anaandika linakunjika bila maumivu. Jamani, pale hujaenda kusalimiana. Maumivu yakianza sema yameanza, mweleze siku mbaya inakuwaje, kwamba ngazi unapanda kwa mkono, kwamba shifti ya ghalani uliiacha. Usiongeze chumvi, lakini usipunguze pia. Na usikose kufika, kukosa bila sababu ya maana kunaweza kuiua klemu peke yake.

Waliopita Iraq, Afghanistan, Somalia au Djibouti, rudini mkaangalie barua zenu za zamani. Sheria ya PACT iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022 inachukulia kwamba magonjwa kadhaa, mfano pumu iliyogundulika baada ya jeshi na saratani za aina nyingi, yametokana na moshi wa yale mashimo ya kuchomea taka kambini, kwa hiyo aliyekataliwa mwaka 2015 kwa kukosa daktari wa kuunganisha anaweza kurudi.

Kuhusu hela: wawakilishi wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion, waliosajiliwa na VA, hawatozi kitu. Wakili anaruhusiwa kudai malipo baada ya uamuzi wa kwanza tu, mara nyingi asilimia 20 ya malimbikizo. Yule anayekutumia meseji WhatsApp anataka umlipe kwa kukujazia klemu ya kwanza, mkimbie.

Kusubiri kunachosha kichwa pia, usiku ukiwa mzito piga 988 halafu bonyeza 1, ndiyo simu ya msaada kwa maveterani waliozidiwa na mawazo, hata kama hujasajiliwa VA.

Na mke au mume ajue makaratasi yako wapi. Veterani akifariki rufaa ikiwa bado inaendelea, mwenzi wake ana mwaka mmoja wa kuomba kuchukua nafasi yake, fomu ni 21P-0847, anaendelea pale marehemu alipofikia na anaweza kuongeza ushahidi pale njia aliyokuwa amechagua marehemu inaporuhusu.