Jina la ugonjwa likibadilika, si lazima daktari alikosea

Kuna imani iliyokaa vichwani mwa watu siku nyingi: mtu akiambiwa ana sonona, kisha miaka minne baadaye akaambiwa ni baipola, yaani ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, basi daktari wa kwanza alikuwa anabahatisha. Mara nyingi sivyo.

Baipola haina kipimo cha damu cha kuithibitisha. Damu hupimwa, ndiyo, lakini ni kuondoa sababu nyingine, kama tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Kinachobaki ni historia ya mgonjwa, na historia hiyo bado inaendelea. Wengi huanza na huzuni nzito: chakula hakipiti, kitandani hatoki. Siku hiyo, sonona ndiyo inayoonekana. Halafu inakuja wiki analala saa mbili tu na hachoki, anaongea bila kituo, anauza ng'ombe afungue biashara tatu kwa mpigo. Hiyo ni mania, na jina linabadilika. Mara nyingi dada mtu ndiye anayeisimulia kliniki, maana mwenyewe alijiona mzima kuliko wote.

Dawa nazo hupangwa upya, kwa sababu dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumrusha mwenye baipola kwenye mania. Asiiache ghafla, lakini, amuone daktari.

Hata vitabu vya madaktari huhama. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ulianza kutumia jina la baipola mwaka 1980, na aina ya pili, ile yenye mania hafifu, ikaingizwa 1994.