Yule mama wa safu ya pili hajabandikwa

Wiki iliyopita nimetumiwa tena ule ujumbe, wa kudai kwamba vicheko kwenye stendapu niliyoihariri vimebandikwa. Safari hii shabiki kajipanga, kaandika na dakika kabisa: "Sikilizeni dakika ya 4, ya 11 na ya 23. Kicheko kilekile cha mwanamke mmoja, kimekatwa na kubandikwa. Jamaa hachekeshi, anabebwa na wahariri." Chini yake watu wamefuatana kumsifu kwa masikio yake.

Masikio yake ni mazuri kweli. Kicheko ni cha mwanamke mmoja. Alikaa safu ya pili upande wa kushoto, karibu chini kabisa ya maiki yangu, na kila panchi, yaani ile sentensi ya kuchekesha, ikimwingia alivuta pumzi kwanza, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, ndipo akaachia. Alicheka hivyo saa nzima. Nimekaa naye kwenye hedifoni wiki tatu; nikimsikia kesho Kariakoo nimefumba macho, nitamjua.

Narekodi na kuhariri sauti za stendapu, na hili neno "vimebandikwa" limenifika hapa. Iwe spesho, yaani onyesho zima lililorekodiwa, ya Trevor Noah huko Netflix, iwe ya kijana wetu aliyekulia kwenye jukwaa la vichekesho la Cheka Tu, lazima ajitokeze mtu wa kulisema. Likishasemwa, miaka miwili ya mtu kuzunguka kumbi ndogo akijaribu sentensi mojamoja inageuka utapeli.

Kubandika kulikuwepo, hilo silikatai. Miaka ya 1950 huko Marekani fundi sauti mmoja, Charley Douglass, aliunda mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa. Unabonyeza kama unavyopiga kinanda, watu wanacheka. Vipindi vya vichekesho vya televisheni viliitumia miaka na miaka, hata vile vilivyopigwa bila mtazamaji mmoja mbele ya kamera. Huko ndiko masikio yetu yalikojifunza kushuku. Lakini ukumbi wa watu waliolipa kiingilio una vicheko vyake. Kazi yangu ni kuvifikisha kwako vikiwa hai, na hapo ndipo pagumu.

Mchekeshaji ana maiki yake mkononi. Hiyo imetengenezwa kushika kilicho karibu na mdomo, kwa hiyo watu wanasikika kwa mbali, kama sherehe ya nyumba ya tatu. Ndiyo maana tunaweka maiki za hadhira, mbili pembeni ya jukwaa zikiwatazama watu, nyingine zinaning'inia juu. Shida ya maiki hizi ni kwamba hazichagui. Zinashika kicheko, zinashika feni, zinashika chupa ya soda iliyopigwa teke, na zinashika sauti ya mchekeshaji mwenyewe ikitoka kwenye spika za ukumbi. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Maiki iliyo mita 20 kutoka kwenye spika inayapata maneno yamechelewa karibu sehemu 6 za mia za sekunde. Ni kufumba tu jicho, lakini ukiziacha wazi muda wote mchekeshaji anasikika kama anaongelea ndani ya simtanki. Wakati wa kuhariri naweza kuzisogeza sauti za maiki hizo zilingane na maiki ya mkononi, na huwa nazisogeza. Inasaidia kiasi, kwa sababu ukuta wa nyuma nao una sauti yake ya kurudisha.

Kwa hiyo naipandisha sauti ya hadhira mchekeshaji anaponyamaza na kuishusha anapofungua mdomo. Kwa mkono, kicheko kimojakimoja, saa nzima. Nikishusha haraka, kicheko kinakatika kama mlango uliobamizwa, nawe unasema kimebandikwa. Nikichelewa, maneno mawili ya kwanza ya sentensi inayofuata yanamezwa, nawe unasema jamaa hana matamshi. Halafu unasikilizia kwenye simu! Spika ya simu haitoi sauti nzito, kwa hiyo ule mngurumo wa watu mia nne unapotea wote, zinabaki sauti kali za juu: makofi, mluzi, na yule mama.

Na kuna muda. Ukumbini kicheko cha sekunde 12 ni raha tupu. Sebuleni kwako sekunde 12 ni mtu amesimama anameza mate. Nikikipunguza kiwe cha 5, wanaandika "anakimbia sana, hana utulivu". Hakukimbia. Alisubiri mpaka wimbi likashuka, akaingia kabla halijaisha, na huo ndio ufundi mgumu kuliko wote jukwaani. Mimi ndiye niliyemkimbiza.

Kuna na lalamiko jingine, "anarudia, hiki nilishakisikia"; hilo nitalipita haraka. Tazama Kill the Messenger, spesho ya 2008 ya mchekeshaji wa Marekani Chris Rock. Ilipigwa London, Johannesburg na New York, ikaunganishwa mpaka unaona nguo zimebadilika huku sentensi inaendelea bila kujikwaa. Ndivyo saa moja inavyojengwa, neno kwa neno. Machi 2023 alifanya nyingine mubashara kutoka Baltimore, akataja filamu moja ya Will Smith badala ya nyingine, na panchi nzima ikamwangukia mkononi. Ikabidi asimame akiri mbele ya dunia kwamba ameiharibu. Baadaye kosa likaondolewa kwenye toleo lililobaki. Jina moja tu kukaa vibaya! Sasa mtu wa namna hiyo unamtaka aje na maneno mapya kila usiku?

Yapo yanayonisumbua mimi mwenyewe. Nikikata sentensi mbili zilizolegea, kicheko kilichokuwa kinaelekea huko kinabaki kimekatika, basi nachukua mkia wa kicheko kingine cha usiku uleule nikaziba. Naona ni halali, kama fundi cherehani anayeziba tobo kwa kitambaa cha pindo la gauni hilohilo. Kwenye picha sina cha kutetea. Yule mtu unayemwona ameshika mbavu mara nyingi alikuwa anacheka kitu kingine kabisa, kwa sababu kamera iligeuka imechelewa. Ukitaka kushuku, shuku picha.

Kuna moja sijalimaliza moyoni. Tulirekodi usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, shati lilelile. Mchekeshaji alikuwa na kipande kuhusu msiba wa baba yake. Ijumaa alikisema kuliko alivyowahi kukisema, sauti ikamtetemeka mahali pake hasa. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, nusu ya watu walichelewa, viatu vimelowa, ukumbi umepoa. Jumamosi watu walilipuka, ila yeye alikuwa amechoka, akakisema kama anayesoma. Akaniomba niweke maneno ya Ijumaa na kicheko cha Jumamosi. Niliweka. Kichekesho ni kilekile, mtu yuleyule, na watu walicheka kwa hiari yao. Lakini kati ya hao waliocheka Jumamosi, hakuna aliyeisikia ile sauti ikitetemeka. Hicho ndicho kipande ambacho mashabiki wanakisifu kuliko vyote, na hajatokea hata mmoja wa kukitilia shaka. Nikiombwa tena leo, sijui ningejibu nini.

Basi wewe wa dakika ya 4, ya 11 na ya 23, vaa hedifoni, siyo simu mezani. Dakika ya 4 anavuta pumzi mara moja na kuachia. Ya 11 anavuta mara mbili, na kabla hajamaliza kuna mwanaume nyuma yake anakohoa. Ya 23 hamalizi kabisa. Katikati anasema "jamani", polepole, na ukisikiliza vizuri mchekeshaji amemsikia, kwa sababu anangoja kidogo zaidi ya alivyozoea kabla ya kuendelea.